Kiima cha Kuzaliwa Tena: Ufasiri wa Istilahi za Maisha Baada ya Kifo katika Suta za Awali za Kibuddha na Uhamishaji Wake katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua istilahi zinazotumiwa na suta za awali za Kibuddha, zilizohifadhiwa katika lugha ya Kipali, kueleza kinachotokea baada ya kifo. Istilahi zinazochunguzwa ni jāti, bhava, punabbhava, cavati, upapajjati na saṃsarati. Uchambuzi unajikita katika sarufi ya istilahi hizo, hususani uhusiano wa kitenzi na kiima chake. Hoja kuu ni kwamba suta huruhusu kiima cha mazungumzo ya kawaida, kama vile “mimi”, “ninyi” au “wenye uhai”, lakini hukataa kiima cha kiuchambuzi, yaani kitu kimoja kisichobadilika kinachosafiri kutoka maisha haya hadi mengine. Makala yanaonyesha kwamba tofauti hiyo hupotea kwa urahisi katika tafsiri, na kwamba Kiswahili, ambacho kitenzi chake hudai upatanisho wa ngeli, humlazimisha mfasiri kuamua jambo ambalo matini asilia imeliacha wazi kwa makusudi.

1.0 Utangulizi

Vitabu vya utangulizi kuhusu Ubuddha humweleza msomaji mambo mawili: kwamba Wabuddha hufundisha kuzaliwa tena baada ya kifo, na kwamba Buddha alikana kuwapo kwa nafsi ya kudumu. Mambo hayo yakiwekwa bega kwa bega huzua swali papo hapo: ikiwa hakuna nafsi, ni nani basi anayezaliwa tena? Swali hilo si la wasomi wa leo tu. Liliulizwa ndani ya maandiko yenyewe, na majibu yaliyotolewa humo yanategemea sana uteuzi wa maneno. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kama mafundisho hayo yanapingana, ni lazima kwanza kuchunguza maneno yaliyoyabeba.

Matini zinazorejelewa ni mikusanyo minne ya suta inayoitwa Nikāya: Dīgha yenye suta 34, Majjhima yenye suta 152, pamoja na Saṃyutta na Aṅguttara zenye suta fupi nyingi. Mikusanyo hiyo ilipokezanwa kwa mdomo kwa karne kadhaa, na kwa mujibu wa mapokeo iliandikwa nchini Sri Lanka katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Suta nyingi kati ya hizo zina wenzake katika mikusanyo ya Kichina iitwayo Āgama, iliyotafsiriwa hasa katika karne za 4 na 5 baada ya Kristo. Panapokuwa na ulinganifu kati ya mapokeo hayo mawili, mtafiti hupata msingi imara zaidi wa kusema kwamba fundisho fulani ni la awali.

2.0 Usuli wa Istilahi katika India ya Kale

Istilahi za Kibuddha hazikuzuka katika ombwe. Matini za Kivedi zinazoitwa Brāhmaṇa zilikuwa na hofu ya punarmṛtyu, yaani “kufa tena”: mtu aliyefika ulimwengu wa wahenga kwa nguvu ya kafara angeweza kufa huko pia. Inafaa kuzingatia kwamba hofu ya awali ilikuwa juu ya kifo kujirudia, na wazo la kuzaliwa tena duniani lilikuja kupata sura kamili katika Upaniṣad za mwanzo. Bṛhadāraṇyaka Upaniṣad, kwa mfano, inaifananisha nafsi inayoacha mwili na kiwavi kinachofika ncha ya jani moja na kujivuta kwenda jani jingine. Katika taswira hiyo kiima kiko wazi: kuna ātman, yaani nafsi, na ndiyo inayovuka.

Suta za Kibuddha zilirithi vitenzi vingi vya mazingira hayo. Hazikurithi kiima chake. Urithi huo wa nusu ndio chanzo cha ugumu wa ufasiri.

3.0 Makundi ya Istilahi

3.1 Jāti

Nomino jāti inatokana na mzizi jan, wenye maana ya kuzaa au kuzaliwa. Katika Vibhaṅga Sutta ya Saṃyutta Nikāya, jāti inafafanuliwa kwa mfululizo wa visawe: kuzaliwa, kuingia tumboni, kutokea, kudhihirika kwa mafungu na kupatikana kwa milango ya hisi. Ufafanuzi huo unaanza na wenye uhai wa aina mbalimbali na kuishia na mafungu, yaani vipengele ambavyo uchambuzi wa Kibuddha humgawa mtu: umbo, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu. Kwa maneno mengine, fasili yenyewe inahama kutoka lugha ya kawaida kwenda lugha ya uchambuzi ndani ya sentensi moja.

3.2 Bhava na Punabbhava

Bhava linatokana na mzizi bhū, “kuwa”. Neno punabbhava limeundwa kwa puna, “tena”, na bhava. Maana yake ya moja kwa moja ni “kuwa tena”. Neno hili halitaji uzazi, wala mwili, wala anayekuwa. Katika mahubiri ya kwanza ya Buddha, kiu (taṇhā) inapewa sifa ya kuwa ndiyo iletayo kuwa tena. Katika Aṅguttara Nikāya, Ānanda anapouliza maana ya bhava, anajibiwa kwa mfano wa mkulima: tendo ni shamba, fahamu ni mbegu, na kiu ni unyevu. Mfano huo una sharti tatu zinazokutana. Mbegu haiwi mmea kwa kusafiri; inaota pale masharti yanapotimia, na mmea unaotokea si mbegu ile, wala haukutoka pasipo mbegu ile.

3.3 Cavati na Upapajjati

Vitenzi hivi viwili huja pamoja. Cavati ni kuanguka, kutoka mahali. Upapajjati ni kufikia na kutokea mahali. Buddha anasimuliwa kuwa aliwaona wenye uhai wakianguka na kutokea kulingana na matendo yao. Upande wa sarufi, upapajjati huchukua shamirisho la mahali: mtu hutokea motoni, au hutokea katika ulimwengu wa mbingu. Hapa ndipo wanazuoni wa matini hukutana na tatizo la kipekee, kwa kuwa kitenzi hiki kinafanana mno na uppajjati, “kuibuka”, kitumikacho kwa hisia, fikra na mambo mengine ya muda mfupi. Miswada huchanganya mara kwa mara nomino zake upapatti na uppatti. Tofauti ya kiambishi awali kimoja, upa na ud, ndiyo inayotenganisha kutokea kwa kiumbe katika ulimwengu fulani na kuibuka kwa wazo akilini. Mfasiri asiyeiona tofauti hiyo anaweza kugeuza fundisho la maisha yajayo kuwa fundisho la saikolojia, au kinyume chake.

3.4 Saṃsarati

Kitenzi saṃsarati, kilichozaa nomino saṃsāra, kina maana ya kutangatanga au kutiririka pamoja. Mara nyingi huandamana na sandhāvati, “kukimbia huku na huko”. Tafsiri iliyozoeleka ya “mzunguko” au “gurudumu” inatokana zaidi na sanaa na ufafanuzi wa baadaye. Sura ya 15 ya Saṃyutta Nikāya inasisitiza mwendo mrefu usiojulikana mwanzo wake, wala haisisitizi duara. Neno “kutangatanga” linaubeba vizuri uchovu na ukosefu wa mwelekeo unaokusudiwa.

4.0 Suala la Kiima

4.1 Kosa la Sāti

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana katika Mahātaṇhāsaṅkhaya Sutta, suta ya 38 ya Majjhima Nikāya. Mtawa aitwaye Sāti, mwana wa mvuvi, anadai kwamba Buddha alifundisha kuwa ni fahamu hiyohiyo, na si nyingine, inayokimbia na kutangatanga. Anapoulizwa ni fahamu ipi, anajibu kuwa ni ile inayosema na kuhisi, na kuvuna matunda ya matendo mema na mabaya. Buddha anamkemea vikali na kufundisha kwamba fahamu hupewa jina kutokana na sharti lake, kama moto unavyoitwa moto wa kuni, wa nyasi au wa samadi kutokana na kinachouwasha.

Jambo linalostahili kutiliwa mkazo ni kwamba Sāti hakubuni kitenzi kipya. Sandhāvati na saṃsarati ni vitenzi vilevile ambavyo suta nyingine huvitumia bila kukemewa, zikisema kwamba wenye uhai waliozuiwa na ujinga na kufungwa na kiu hukimbia na kutangatanga. Mahali pengine Buddha anasema kwamba yeye na wanafunzi wake wametangatanga muda mrefu kwa kutozielewa kweli nne. Kosa la Sāti basi halimo katika kitenzi. Limo katika kiima alichokipachika, fahamu, na katika neno “si nyingine” alilokifungia kiima hicho. Alichukua neno la uchambuzi na kulifanya msafiri.

Suta hii ina mwenzake katika Madhyama Āgama ya Kichina, suta ya 201, ambamo kosa na karipio vimehifadhiwa. Hivyo si rahisi kudai kwamba kisa hiki ni nyongeza ya madhehebu moja.

4.2 Swali la Phagguna

Katika Saṃyutta Nikāya 12.12, Moliyaphagguna anasikia kwamba fahamu ni mojawapo ya vyakula vinne, na anauliza: ni nani anayekula chakula hicho? Buddha anajibu kwamba swali halikuulizwa ipasavyo, kwa kuwa yeye hakusema kuna mlaji. Swali linalofaa ni: fahamu ni chakula cha nini? Jibu linalotolewa ni kwamba ni sharti la kutokea kwa punabbhava katika wakati ujao. Phagguna anaendelea kuuliza nani anagusa, nani anahisi, nani ana kiu, na kila mara “nani” inabadilishwa kuwa “kwa sharti gani”.

Suta hii inaonyesha kwamba uteuzi wa neno punabbhava haukuwa wa bahati. Nomino isiyo na mtenda ndiyo inayowezesha swali la “nani” kugeuzwa kuwa swali la sharti. Laiti istilahi ingekuwa “kuhama” au “kuvuka”, swali la Phagguna lingekuwa na haki ya kujibiwa.

4.3 Hoja Kinzani

Hoja tatu zinaweza kutolewa dhidi ya ufasiri huu. Kwanza, simulizi la kukumbuka maisha ya zamani limo katika nafsi ya kwanza: mkumbukaji husema alikuwa na jina fulani na ukoo fulani, akaanguka kutoka huko, akatokea hapa. Je, huyu “mimi” si msafiri? Jibu linapatikana ndani ya Nikāya zenyewe. Khajjanīya Sutta (Saṃyutta Nikāya 22.79) inaeleza kwamba yeyote anayekumbuka maisha ya zamani hukumbuka mafungu matano au mojawapo kati yake. Kinachokumbukwa kimefafanuliwa upya kwa lugha ya uchambuzi, na nafsi ya kwanza imebaki kuwa namna ya kusema.

Pili, kuna neno satta, “mwenye uhai”, ambalo ndilo kiima cha cavati na upapajjati. Neno hili nalo limefafanuliwa. Rādha anapouliza maana yake, anaelezwa kwamba mtu huitwa satta kwa kuwa amenasa katika tamaa ya umbo, hisia na mafungu mengine. Maelezo hayo yanatumia mfanano wa sauti, kwani satta ni pia “aliyenasa”. Mtawa wa kike Vajirā naye analinganisha jina hilo na jina la gari la farasi, ambalo hutumika vipande vinapokusanyika. Kiima kinaruhusiwa kusemwa, lakini hakiruhusiwi kutafutwa kana kwamba ni kitu cha pekee.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito zaidi, suta ileile inayomkemea Sāti inasema pia kwamba mimba hutungwa pale mambo matatu yanapokutana: baba na mama kujamiiana, mama kuwa katika wakati wake, na gandhabba kuwapo. Vilevile Mahānidāna Sutta ya Dīgha Nikāya inazungumzia fahamu kushuka katika tumbo la mama. Lugha hizi zina harufu ya kitu kinachowasili. Madhehebu ya baadaye yaligawanyika hapo: Sarvāstivāda walikubali hali ya kati baina ya kifo na kuzaliwa, na Theravāda waliikataa katika Kathāvatthu. Makala haya hayakusudii kuliondoa tatizo hilo. Yanatosheka kuonyesha kwamba katika suta hizo gandhabba na fahamu vimetajwa kama sharti mojawapo kati ya masharti, na kwamba Mahānidāna Sutta inaiweka fahamu na jina-na-umbo katika kutegemeana. Kinachotegemea hakiwezi kuwa kile “hicho hicho, si kingine” alichokitaka Sāti.

5.0 Fasiri Mbili Zinazoshindana

Katika historia ya ufafanuzi, njia mbili kuu zimejitokeza. Buddhaghosa, mwandishi wa Visuddhimagga katika karne ya 5, aligawanya mnyororo wa masharti kumi na mawili katika maisha matatu: yaliyopita, ya sasa na yajayo. Alitumia sana istilahi paṭisandhi, “kiungo”, ambayo haina hadhi ya istilahi rasmi katika Nikāya nne lakini imeshamiri katika Milindapañha na vitabu vya ufafanuzi. Faida ya istilahi hiyo ni kwamba inaeleza mwendelezo bila msafiri, kama taa inavyowashwa kutoka taa nyingine. Hatari yake ni kusomwa nyuma ndani ya suta ambazo hazikuwa nayo.

Katika karne ya 20, mtawa wa Thailand Buddhadasa (1906–1993) alisisitiza kwamba jāti katika lugha ya dhamma ni kuzaliwa kwa hisia ya “mimi” na “changu” akilini, hapa na sasa. Ufasiri huo una nguvu ya kimaadili, na unaheshimu kukataliwa kwa msafiri. Hata hivyo, unakumbana na kizuizi cha kimatini. Vibhaṅga Sutta inapofafanua uzee na kifo vinavyofuata jāti, inataja meno kuvunjika, nywele kuwa na mvi, ngozi kukunjamana na mwili kulazwa chini. Hayo si matukio ya nukta moja ya fikra. Aidha, Mahāsīhanāda Sutta inaorodhesha njia nne za kuzaliwa, kutoka yai, tumbo, unyevu na kutokea ghafla, pamoja na maeneo matano ya kutokea. Kuzisoma zote kama mafumbo ya hali za akili kunahitaji ushahidi ambao suta hazitoi.

Fasiri zote mbili hujaribu kulinda jambo la kweli. Ya kwanza inalinda upeo wa istilahi, unaovuka kifo. Ya pili inalinda kutokuwapo kwa msafiri. Uchambuzi wa kiima unaonyesha kwamba si lazima kuchagua moja na kuitupa nyingine: vitenzi vinavuka kifo, ilhali kiima cha kiuchambuzi hakipo.

Mpaka wa istilahi unadhihirika katika Aggivacchagotta Sutta. Vacchagotta anapouliza aliyekombolewa hutokea wapi, Buddha anasema kwamba neno “hutokea” halifai, wala “hatokei”, wala yote mawili, wala kukana yote mawili. Moto uliokwisha kuni hauulizwi umekwenda mashariki au magharibi. Kitenzi upapajjati kina maana pale tu panapokuwa na cha kuuwasha.

6.0 Uhamishaji katika Kiswahili

Kiswahili kina maneno yaliyokwisha kubeba mizigo mingine. “Kuzaliwa mara ya pili” ni usemi wa Kikristo unaotokana na Injili ya Yohana, na unahusu badiliko la imani la mtu aliye hai. “Ufufuo” katika Ukristo na Uislamu ni mtu yuleyule kuinuliwa. “Roho” ndiyo yenye mtego mkubwa, kwa kuwa kifo chenyewe katika Kiswahili ni “kukata roho” au “roho kutoka”. Msikilizaji akishaambiwa roho imetoka, hungoja kuambiwa imekwenda wapi. Anayetafsiri viññāṇa kwa “roho” anairudia kauli ya Sāti kwa Kiswahili fasaha. “Kiumbe” nalo, kama tafsiri ya satta, linatokana na kuumba, na hivyo humleta Muumba ambaye suta hazimtaji kama chanzo cha wenye uhai. “Mwenye uhai” ni salama zaidi.

Hata “kuzaliwa” si neno lisilo na doa. Ni kauli ya kutendwa ya “kuzaa”, hivyo hudokeza mzazi. Linafaa kwa jāti ya tumboni, lakini haliwafai wanaotokea ghafla bila baba wala mama. Kwa upapajjati inapendekezwa “kutokea”, likiandamana na mahali. Kwa cavati, “kuanguka” au “kutoka”. Kwa punabbhava, “kuwa tena”.

Tatizo la msingi zaidi ni la kisarufi. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha upatanisho, na kiambishi hicho hutaja ngeli. “Anatangatanga”, “inatangatanga” na “kunatangatangwa” ni mafundisho matatu tofauti. Kwa bahati njema, sarufi hiyohiyo inatoa njia ya kutokea. Kwanza, Kiswahili kina nomino-kitenzi za ngeli ya KU, zinazotaja tukio bila kumtaja mtenda. Pili, kina upatanisho wa mahali. Kanuni ya Kibuddha ya utegemezi, kwamba jambo huwapo kwa kuwapo kwa jingine, imejengwa katika Kipali kwa uhusika wa mahali. Sentensi kama “palipo na kiu pana kuwa tena” inaakisi muundo huo kwa karibu: kiima ni mahali, na si msafiri.

Pendekezo hili halimaanishi kwamba “mimi” na “wao” vifutwe katika tafsiri. Suta za masimulizi zinavitumia, na kuvifuta kungekuwa kuzidi matini. Kinachotakiwa ni mfasiri kutambua yuko katika lugha ipi: ya mazungumzo, ambamo watu huanguka na kutokea, au ya uchambuzi, ambamo masharti hukutana na kuwa tena hutokea.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba istilahi za suta za awali zinazungumzia maisha yanayovuka kifo, na kwamba zinafanya hivyo bila kumkubali msafiri mmoja asiyebadilika. Mgongano unaodhaniwa kuwapo kati ya kuzaliwa tena na kutokuwapo kwa nafsi hukua au hupungua kulingana na kiima ambacho mfasiri amekiweka. Sāti alisikia mahubiri kwa lugha yake mwenyewe, na bado aliteleza. Mfasiri wa Kiswahili, ambaye lugha yake kwa kawaida humdai kiambishi cha kiima katika kitenzi, ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna viññāṇa na saṅkhāra zinavyoweza kupewa visawe thabiti vya Kiswahili, kwa kuwa ni maneno hayo mawili yanayoamua iwapo msomaji ataona mnyororo wa masharti au ataona roho iliyobadilishiwa jina.